SOMO LA BIOLOJIA: MOTO WA MAFUTA YA TUMBO NA MISHIPA YA DAMU



Kwetu mtu akinenepa watu wanamsifu. Wanasema: «Ule baba iko muzuri, anakula vizuri.» Akikonda, wanaanza kunong'ona na kuuliza ana ugonjwa gani. Tumbo kubwa limekuwa kama alama ya feza na ya ukubwa. Hatuwalaumu wazee wetu juu ya jambo hili. Wao walijua njaa, walijua kukimbia na mzigo kichwani, na mtu mwenye nyama mwilini alikuwa na akiba ya siku mbaya.

Lakini mishipa ya damu haijui feza wala ukubwa. Yenyewe inajua kitu kinachopita ndani ya damu, basi. Na siku hizi wataalamu wameonyesha kwamba mafuta yaliyo ndani ya tumbo si mzigo uliolala tu. Ni kama makala chini ya majivu katika mbabula: huoni mwali, huoni moshi, lakini ukiweka mkono utajua kwamba moto uko. Moto ule unachoma ukuta wa mishipa polepole, miaka mingi, na mwenyewe hasikii maumivu. Hilo ndilo jambo tunalotaka kujifunza hapa. Someni na kalamu mkononi. Maswali yako mwisho.

1. MAFUTA YA MWILI YANA KAZI GANI?

Kwanza tusiyatukane mafuta. Mtu bila mafuta hawezi kuishi. Mafuta ni ghala: gramu 1 ya mafuta inatunza nguvu za kilokalori 9 hivi, lakini gramu 1 ya sukari au ya protini inatoa 4 tu. Mafuta yanatunza joto la mwili, na yanazunguka figo na viungo vingine kama mto wa kulalia, ili visigongwe.

Zamani vitabu vya shule viliishia hapo: mafuta ni ghala. Kumbe ghala hili lina mdomo. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, katika chuo cha Rockefeller kule New York, walivumbua hormoni inayoitwa leptini. Seli za mafuta ndizo zinazoitoa, nayo inapita katika damu mpaka kwenye ubongo kuuambia: «Akiba iko, punguza kula.» Tangu hapo watu walielewa vizuri kwamba mafuta ni kiungo kinachosema na viungo vingine, sawa na vile kongosho na tezi zinavyosema. Seli ya mafuta inatuma habari usiku na mchana. Swali letu ni hili: wakati ghala limejaa kupita kiasi, linatuma habari gani?

2. NDANI YA MSHIPA WA DAMU

Tuache mafuta kidogo, tutazame mshipa. Wengi wanafikiri mshipa ni kama tiyo ya maji: kitu kigumu, kisicho na uzima, maji yanapita tu. Sivyo. Mshipa unaotoka moyoni, yaani arteri, una tabaka 3. Nje iko tabaka ya kuushika. Katikati kuna misuli inayoweza kukaza na kulegea. Ndani kabisa, pale damu inapogusa, kuna tabaka nyembamba sana ya seli moja tu kwa unene. Tabaka hiyo inaitwa endotelio.

Endotelio ni nyembamba, lakini ndiyo bwana wa nyumba. Jambo hili lilijulikana kwa njia ya kupendeza. Mwaka 1980 mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Furchgott, alitangaza majaribio aliyofanya na vipande vya arteri ya sungura. Aliweka dawa iitwayo asetilikolini juu ya vipande vile. Vile vilivyobaki na ngozi yao ya ndani vililegea. Vile vilivyosuguliwa mpaka ngozi ya ndani ikatoka havikulegea. Dawa ni ile ile, misuli ni ile ile. Basi kulegea kulitoka wapi? Kulitoka kwenye endotelio, ambayo inatuma kitu fulani kwa misuli na kuiambia: «Legeza, damu ipite.»

Kitu kile kilikuja kujulikana kuwa ni gazi nyepesi, monoksidi ya azoti, ambayo katika kemia tunaiandika NO. Mwaka 1998 Furchgott, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa tuzo ya Nobel juu ya kazi hiyo. Na NO haifanyi kazi ya kulegeza tu. Inazuia vile vidonge vidogo vya damu vinavyogandisha damu visishikamane ovyo, na inasaidia ukuta usiwe wa kunata. Mshipa wenye NO ya kutosha ni laini na unafunguka vizuri. Mshipa uliokosa NO unakaza, na moyo unalazimika kupiga kwa nguvu zaidi. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, fanyeni hesabu ni mara ngapi kwa siku moja. Mtaona kwamba si mchezo.

3. INFLAMASIO NI NINI?

Kila mmoja wenu amekwisha kuchomwa na mwiba akienda kulima. Kesho yake mguu umekuwa mwekundu, umevimba, una joto na unauma. Alama hizi 4 ziliandikwa na Celsus, mwandishi wa Roma, karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Jambo hilo ndilo tunaloliita inflamasio.

Inflamasio si ugonjwa. Ni askari wa mwili wanaofika pahali pa hatari. Mwaka 1882 Elie Metchnikoff, aliyezaliwa katika Dola la Urusi, alikuwa Messina, kule Italia. Alichoma mwiba mdogo ndani ya mtoto wa mnyama wa bahari anayeitwa kiti cha pwani, ambaye mwili wake unaangaza kama kioo. Nyuma ya usiku mmoja aliona seli nyingi zimekuja kuzunguka ule mwiba, zinataka kuula. Seli kubwa za namna hii tunaziita makrofaji, maana yake walaji wakubwa. Zinakula mikrobu, zinakula seli zilizokufa, na zinatuma habari za kuita wengine.

Moto huu ukiwaka siku chache na kuzimika, ni mzuri. Bila huo kidonda hakiponi. Ubaya unaanza wakati moto ni mdogo lakini hauzimiki. Hakuna wekundu wa kuona, hakuna homa, mguu hauumi. Dokta anaweza kuuona kwa kupima damu tu, kwa mfano kwa kutafuta protini moja inayotoka katika ini na kuitwa CRP. Hiyo ndiyo inflamasio ya kudumu. Fikirini juu ya mbabula: makala yenye mwali mkubwa yanapika chakula na kwisha, makala chini ya majivu yanaweza kulala usiku kucha na asubuhi yakachoma mkeka.

4. GINSI MAFUTA YANAVYOWASHA MOTO

Mtu akila kuliko anavyotumia, seli za mafuta zinajaa. Seli moja inaweza kuvimba sana kuliko ilivyokuwa. Nyingine zinavimba mpaka zinateseka na kufa. Na seli ikifa, nani anakuja? Makrofaji. Zinafika na kuizunguka seli iliyokufa kama watu waliozunguka nyumba iliyoungua.

Habari hii haikujulikana siku moja. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman pamoja na wenzao, kule Boston, walitangaza kwamba mafuta ya wanyama walionenepa sana yanatoa kwa wingi protini ya inflamasio inayoitwa TNF. Watu walishangaa. Walikuwa wanajua TNF kuwa ni silaha ya askari wa mwili. Inafanya nini katika mafuta? Nyuma ya miaka 10, katika mwaka 2003, makundi mawili ya wataalamu wa Marekani yalileta jibu. Walihesabu seli zilizo katika mafuta. Kwa wembamba, makrofaji zilikuwa chini ya 10 katika seli 100. Kwa watu walionenepa sana zilikaribia 40. Fikirini: unaingia katika ghala la mahindi, na karibu nusu ya watu waliomo ni askari wenye silaha. Ghala lile bado ni ghala?

Askari wale hawanyamazi. Wanatoa TNF, wanatoa nyingine inayoitwa interlekini-6, na hizo zinaingia katika damu. Zikifika kwenye ini, ini linajibu kwa kutengeneza CRP. Tena, hormoni moja nzuri ya seli za mafuta inayoitwa adiponektini, ambayo inasaidia mishipa na kupunguza moto, inakuwa kidogo wakati mafuta ya tumbo yanaongezeka. Ndivyo mwili unavyopata hasara mara mbili: kuni zinaongezwa, na maji ya kuzimia yanapunguzwa.

5. MSHIPA UNAVYOHARIBIKA

Sasa tuunganishe mambo. Habari za moto zinapita katika damu, na wa kwanza kuzisikia ni endotelio, kwa sababu ndiyo inayogusa damu. Inaharibika hatua kwa hatua:

a) NO inapungua. Mshipa haulegei vizuri tena, na tansio inaanza kupanda.

b) Ukuta wa ndani unakuwa wa kunata. Seli nyeupe zilizokuwa zinapita tu zinashikwa na kuingia ndani ya ukuta.

c) Kolesteroli ile inayosafirishwa katika chembe za LDL inapenya pia katika ukuta. Makrofaji zinaila mpaka zinajaa mafuta na kuonekana kama povu.

d) Povu lile, seli zilizokufa na nyuzi za kovu vinajenga uvimbe ndani ya ukuta. Njia ya damu inapungua. Ugonjwa huu unaitwa aterosklerosi.

e) Siku moja ngozi ya uvimbe inapasuka, kwa sababu moto wa ndani umeila na kuifanya nyembamba. Damu inaganda palepale na kuziba njia. Kama ni mshipa wa moyo, sehemu ya moyo inakufa. Kama ni mshipa wa ubongo, mtu anaanguka, mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinapooza.

Watu wanasema basi: «Amepigwa gafula.» Ndiyo, kuanguka ni gafula. Lakini kazi ile ilianza miaka 20 au 30 mbele yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa uko ndani, pahali macho hayafiki.

Zamani watu walifikiri kolesteroli peke yake ndiyo yenye kosa. Kweli ina kosa: mwaka 1913 kule Urusi Nikolai Anitschkow aliwapa sungura kolesteroli katika chakula, na mishipa yao ikaharibika. Lakini mwaka 1999 Russell Ross wa Marekani aliandika wazi kwamba aterosklerosi ni ugonjwa wa inflamasio. Ushuhuda wenye nguvu ulikuja mwaka 2017. Walichukua wagonjwa zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo na waliokuwa na CRP ya juu. Wengine walipewa dawa inayopunguza inflamasio tu, isiyogusa kolesteroli. Kwa wale waliopata kipimo cha katikati, mashambulio ya moyo, kupooza na vifo vya mishipa vilipungua karibu 15 kwa 100. Kolesteroli haikubadilika, moto ulipungua, na hatari ikapungua. Lakini angalieni neno lingine: kati ya waliopewa dawa ile, vifo vya magonjwa ya mikrobu viliongezeka kidogo. Maana askari walikuwa wamenyanganywa silaha. Kwa hiyo shabaha yetu si kuua moto wote wa mwili, ni kuacha kuulisha bila sababu.

6. SI KILA MAFUTA NI SAWASAWA

Mtu aliyewahi kusaidia kuchinja mbuzi amekwisha kuona. Kuna mafuta chini ya ngozi, na kuna mafuta mengine yaliyofunika matumbo kama kitambaa. Mwanadamu ni vile vile. Yale ya chini ya ngozi, zaidi sana ya mapaja na makalio, ni ya kutulia. Yale yanayozunguka matumbo ndiyo yenye makelele. Sababu moja ni njia ya damu: damu inayotoka kwenye matumbo na mafuta yake haiendi moyoni kwanza, inapita moja kwa moja katika ini kwa mshipa mkubwa unaoitwa vena porta. Kwa hiyo ini linapokea asidi za mafuta na habari za moto mbele ya kiungo kingine.

Dokta Jean Vague wa Marseille, kule Ufaransa, aliandika mambo haya tangu mwaka 1947. Aliona kwamba watu wawili wenye unene sawa hawapati magonjwa sawa. Yule aliyenenepa sehemu ya juu na tumboni, kama wanaume wengi, alipata ugonjwa wa sukari na wa mishipa kuliko yule aliyenenepa makalio na mapaja, kama wanawake wengi. Wakati ule wengi hawakumsikiliza. Leo kila kitabu kinamfwata.

Kwa hiyo mizani ya kilo haitoshi. Inakuambia uzito, haikuambii mafuta yamekaa wapi. Kuna kipimo rahisi, hakiombi feza. Chukua kamba. Pima urefu wako wote kutoka kisigino mpaka utosi, ukate kamba pale. Ikunje katikati mara moja. Sasa izungushe tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiisha kutoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Kama nusu ile ya kamba inafika kukuzunguka, ni vizuri. Kama haifiki, tumbo limepita nusu ya urefu wako, na ni wakati wa kuangalia. Mtu wa sentimetre 160, tumbo lake lisifike 80. Mama mwenye mimba asijipime hivi.

7. MASWALI AMBAYO WANAFUNZI WANAULIZA

«Mwalimu, haya si magonjwa ya wazungu?» Wakati fulani ilionekana hivyo. Mwaka 1956 Dokta Hugh Trowell, aliyefanya kazi kule Kampala, aliandika habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa sababu lilikuwa jambo la nadra. Leo si la nadra tena. Nendeni katika hospitali yoyote ya mji wetu, mtakuta mtu wa tansio, mtu wa sukari, mtu aliyepooza. Damu ya Mwafrika haikubadilika. Kilichobadilika ni kukaa, kula na kunywa.

«Koko yangu alikuwa na tumbo kubwa na alifika miaka 80. Sasa?» Tunashukuru kwa ajili yake. Hatari si hukumu. Mtu anaweza kuvuka barabara macho yamefumbwa na kufika ngambo. Hatutafundisha watoto kuvuka vile.

«Mtu mwembamba yeye anapona?» Apana. Tumbaku inaharibu endotelio ya mwembamba vile vile. Chumvi nyingi inapandisha tansio ya mwembamba vile vile. Tena kuna watu wenye mikono na miguu myembamba lakini tumbo limejaa. Ndiyo maana kamba ni nzuri kuliko macho.

«Sisi tunaugua malaria na minyoo kila mara. Ile nayo si inflamasio?» Swali la akili. Katika msitu wa Bolivia, Amerika ya Kusini, wanakaa watu wanaoitwa Tsimane. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba walipiga picha mioyo ya watu wazima 705 wa kabila lile, wenye miaka 40 na zaidi. Katika kila watu 100, karibu 85 hawakuwa na alama yoyote ya kalsiamu katika mishipa ya moyo, ijapokuwa wengi walikuwa na inflamasio katika damu juu ya minyoo na magonjwa. Lakini watu hawa wanalima, wanawinda, wanavua samaki, wanatembea siku nzima, na kolesteroli yao ni kidogo. Inaonekana basi kwamba moto peke yake hautoshi kuziba mishipa. Unataka kuni nyingine. Tatizo letu ni kwamba katika miji tunaanza kubeba yote pamoja: mikrobu ya zamani na matumbo mapya.

8. TUFANYE NINI?

Si lazima kununua dawa. Jihadharini na vidonge na majani ya sokoni vinavyoahidi kukausha tumbo kwa wiki moja. Wauzaji hawajui figo zako wala ini lako. Mambo yafuatayo yanatosha kwa kuanza.

Kwanza, tembeeni. Kwa vijana wa miaka 5 mpaka 17, Shirika la Afya la Ulimwengu linaomba dakika 60 za mwendo kila siku. Kwa watu wazima, dakika 150 kwa wiki au zaidi. Yule anayekuja shuleni kwa miguu kutoka mbali, asione haya mbele ya yule anayeletwa na motokari. Damu ikipita kwa nguvu wakati wa kutembea, inasugua endotelio na kuifanya itoe NO zaidi. Kulima, kucheza mpira, kuteka maji, salongo ya Siku ya Posho: yote ni kazi ya mishipa. Na mafuta ya ndani ya tumbo ni kati ya yale yanayopungua mapema mtu akianza kutembea kila siku.

Pili, angalieni vinywaji vya sukari vya chupa. Mtu akila maharagi au sombe na bugali, tumbo linashiba na kusema basi. Sukari ya chupa inapita bila kushibisha, na ini linaigeuza mafuta. Pombe nayo inaongeza mafuta katika ini na tumboni. Maharagi, mboga za majani, samaki wadogo na matunda yetu si chakula cha aibu.

Tatu, chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyo katika samaki wa chumvi na kiungo cha mchuzi. Tumbaku tuiache kabisa.

Nne, yule ambaye kamba imekwisha kumwonya asikate tamaa. Haombwi kuwa mwembamba kama mwanzi. Kupunguza sehemu 5 mpaka 10 kwa 100 za uzito, na kuzitunza, kunatosha kushusha moto na tansio kwa watu wengi. Mtu wa kilo 90 atafute kilo 5 za kwanza. Asishinde njaa siku tatu, kisha ale kwa hasira siku ya nne.

Tano, watu wazima wapime tansio hata kama hawaumwi. Ikifika 140 kwa 90 zaidi ya mara moja, wasirudi nyumbani kunyamaza, wamwone dokta.

9. NENO KWA MWISHO: HESHIMA

Somo hili lisiwe silaha. Tumesikia wanafunzi wakimwita mwenzao majina juu ya mwili wake. Unene unatoka kwa mambo mengi: damu ya ukoo, chakula kilichoko nyumbani, dawa, usingizi mbaya, huzuni. Kucheka mtu hakukuzimisha moto hata siku moja. Kunamfanya ajifiche na kuacha kucheza na wengine. Na msichana mwembamba asianze kukataa chakula akisema amesoma hapa. Mwili unaokua unataka chakula cha kutosha.

Tena, wengi wenu mmefikiri juu ya baba, mama, mjomba au mwalimu wakati mlipokuwa mkisoma. Mtoto hawezi kumwambia baba yake: «Tumbo lako ni kubwa.» Lakini anaweza kusema: «Baba, leo tunajifunza kupima tansio, naomba unisindikize kwenye hospitali.» Anaweza kusema: «Mama, nitakwenda nawe sokoni kwa miguu, nibebe mzigo.» Anaweza kuleta kamba nyumbani, akajipima yeye kwanza mbele ya wote, kisha akaiacha juu ya meza. Wazee wana akili. Watajua kazi yake.

Baba mwenye miaka 45 akianguka, si mwili mmoja tu unaoanguka. Minervali ya watoto inaanguka, chakula cha nyumba kinaanguka. Kwa hiyo kamba ile ya bure ina bei kubwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja kazi 3 za mafuta ya mwili. Leptini inaambia ubongo nini?

2. Eleza jaribio la Furchgott la mwaka 1980. Kwa nini vipande vilivyosuguliwa havikulegea?

3. Ni tofauti gani kati ya inflamasio ya mwiba na inflamasio ya kudumu?

4. Juu ya nini mafuta yanayozunguka matumbo ni ya hatari kuliko yale ya mapaja?

5. Dawa ya mwaka 2017 ilipunguza mashambulio ya moyo bila kugusa kolesteroli. Jambo hili linatufundisha nini? Na vifo vya mikrobu vilivyoongezeka vinatufundisha nini?

6. Mwalimu mmoja ana urefu wa sentimetre 172 na tumbo la sentimetre 91. Mwanafunzi ana urefu wa sentimetre 158 na tumbo la sentimetre 70. Fanya hesabu kwa kila mmoja, ukamwandikie mwalimu yule shauri 3 kwa maneno ya heshima.

Majibu ya swali la 6 yaletwe kwenye daftari. Yale mazuri yatasomwa mbele ya darasa.

Mwalimu wenu wa biolojia